Kiberiti chenye Jina la Kornelio

Jumatatu, 7 Septemba 1981

Siku njema sana. Nimepata sabuni!

Niandike kwa utaratibu. Saa nne asubuhi nilitoka stoo kwenda kunyoosha miguu. Mimi ni karani wa stoo wa kiwanda cha masufuria hapa Chang'ombe, mwaka wa kumi na nne huu, na nikinyoosha miguu hakuna wa kuniuliza. Mbele ya zahanati ya kiwanda nikaona viberiti vimepangwa mstari juu ya ukuta mfupi. Ishirini hivi. Mwenye akili haulizi. Siku hizi foleni unaingia kwanza, kinachogawiwa utakijua ukifika mbele. Watu wanaweka jiwe, wanaweka kikapu, wanaweka ndala, na nafasi yao inakaa. Nikajua leo wanagawa viberiti. Nyumbani kwangu tunaomba moto kwa jirani tangu Julai. Nikatoa kiberiti changu kitupu mfukoni, nikakichomeka nafasi ya tatu.

Kisha nikafungua cha mwenzangu kuona kama kimeshajazwa.

Kilikuwa kimeshajazwa. Sikufungua cha pili.

Sista Yustina, muuguzi mpya, alikuwa anawaeleza watu mlangoni. Wafanyakazi wote waliopita miaka arobaini wanapimwa choo. Inatafutwa damu ambayo jicho haliioni. Eti utumbo ukianza kuota kansa unavuja damu kidogo kidogo, muda mrefu kabla mtu hajaumwa popote, na ikikamatwa mapema inatibika. Jambo zuri kwa watu wazima. Mimi nina arobaini na saba. Nikaanza kuondoka.

Ndipo fundi mmoja akatoka na nusu mche wa sabuni. Sabuni ya kufulia! Kila anayekabidhi kiberiti anapewa, ya kunawia mikono. Mke wangu Demetria anafua kwa majani ya mpapai mwezi wa pili sasa. Mashati yangu yote yameingia rangi ya mchicha.

Tatizo: leo ni zamu ya mafundi. Makarani ni Alhamisi. Katoni ya sabuni ni moja tu na tayari inaonekana chini.

Suluhisho: Kornelio. Kornelio ni fundi seremala wa kiwanda, mtu wa Masasi, jirani yangu kule Temeke, na mshindani wangu wa ubalozi wa nyumba kumi katika uchaguzi wa mwezi ujao. Leo yuko Pugu anachagua mbao. Jina lake limo kwenye orodha. Mwenyewe hayumo.

Nikakitoa kiberiti changu ukutani, nikaenda nacho chooni. Nikarudi. Nikaandika KORNELIO kwa penseli ya stoo. Sista Yustina bado hajui sura za watu. Akauliza kama nimekula nyama siku tatu hizi, maana mafundi walishakatazwa. Nikasema sijaionja tangu Pasaka. (Jana nilikula utumbo wa ng'ombe, bakuli mbili. Lakini Kornelio hakula, nina hakika.)

Nusu mche. Mzito. Umepigwa mhuri wa zahanati. Demetria aliunusa kama mtoto mchanga.

Jumanne, 8 Septemba

Kornelio alikwenda zahanati na kiberiti chake. Akaambiwa alishatoa jana. Akasema hakutoa. Akaonyeshwa alama ya vema mbele ya jina lake. Akarudi karakana na kiberiti mkononi, hajui akipeleke wapi.

Alinijia stoo kuniuliza kama mimi huwa nasahau mambo. Nikamwambia kwa upole kwamba umri hauna huruma, na kwamba mtu anayesahau amekwenda chooni lini asijibebeshe kazi nzito, kama vile kuongoza nyumba kumi. Akatikisa kichwa. Alinishukuru.

Naona uchaguzi umekwisha hata haujaanza.

Alhamisi, 10 Septemba

Zamu ya makarani. Nilifika wa kwanza, kiberiti tayari. Sabuni imekwisha tangu jana!

Nikarudi na kiberiti changu. Sikuona sababu ya kutoa choo changu bure.

Sista Yustina aliniita kwa mbali. Nikajifanya nimeitwa na mtu mwingine upande wa pili.

Jumatatu, 14 Septemba

Majibu yametoka. Watu mia moja na kumi wamepimwa. Mia moja na tisa, safi. Mmoja ana damu.

Kornelio!

Ameandikiwa barua. Jumanne ijayo aende hospitali kuu kwa Dakta Marijani, akaangaliwe utumbo kwa picha na kwa bomba lenye taa. Kiwanda kizima kimejua kabla ya kengele ya mchana. Namwonea huruma, ndiyo. Lakini nani atampigia kura balozi mwenye damu tumboni? Nimetembea hadi nyumbani nikipiga mluzi.

Saa kumi na moja jioni. Niko barazani na chai isiyo na sukari. Sasa hivi ndiyo nimekumbuka.

Kile kiberiti ni changu.

Saa kumi na mbili. Nimeshatulia. Ni ule utumbo wa ng'ombe. Bakuli mbili! Ile damu ni ya ng'ombe. Mimi ni mzima kabisa. Mkanda nimeuongezea matundu mawili mwaka huu, lakini nani hajakonda na sukari hakuna? Kuchoka, nani hachoki? Baba yangu alikufa kwa tumbo, kweli, ila alikuwa Bukoba na ilikuwa zamani.

Jumanne, 15 Septemba

Nimekwenda kwa Sista Yustina kumuuliza kwa niaba ya mtu. Nikasema, tuseme mtu mmoja, si hapa, alikula utumbo wa ng'ombe jana yake, je, kipimo hakiwezi kudanganyika? Akasema kinaweza. Nikataka kumkumbatia.

Akaendelea. Ndiyo maana mwenye damu anaitwa kuangaliwa, hahukumiwi kwa kiberiti. Ila kile cha fundi Kornelio dawa iligeuka buluu ya kutisha, wakarudia mara mbili. Akauliza, huyo mtu wako amekonda? Nikasema kidogo. Ana ndugu aliyekufa kwa ugonjwa wa tumbo? Nikasema baba tu. Akaweka kalamu chini. Akasema huyo mtu asilale, aje leo.

Nikasema nitamfikishia.

Siogopi. Nimehesabu tu upya matundu ya mkanda.

Jumatano, 16 Septemba

Kornelio anachonga jeneza lake.

Siandiki mzaha. Amepewa mapumziko, naye hajui kukaa bure. Ameweka mbao za mvule uani na anapiga randa tangu asubuhi. Nilimuuliza kwa nini. Akasema mafundi wa siku hizi wanaunga mbao kwa misumari mitupu, na yeye hataki kwenda kwa Mungu ndani ya kitu kinacholegea. Mkewe Filomena yuko Masasi kwenye korosho. Hajamwandikia. Hataki aache mavuno.

Nyumba zote kumi zinapita kumpa pole. Wanamletea mayai! Mayai sijayaona tangu Sabasaba. Mimi ninayeumwa hakuna hata anayenisalimia.

Nimefuta mstari huo, kisha nimeuandika tena. Siumwi. Nilimaanisha kiuchaguzi.

Alhamisi, 17 Septemba

Kornelio aliniita kwake. Randa aliiweka chini. Akasema: "Ndugu Karani, mie na wewe tumesumbuana sana. Sasa naondoka. Nyumba kumi nakuachia wewe. Nishawaambia wote wakupe kura."

Nimepata nilichokitaka. Nimekula nusu sahani tu.

Ijumaa, 18 Septemba

Nimepata mpango. Ni mpango bora kuliko yote niliyowahi kupanga, na haudai mtu yeyote akiri chochote.

Mimi nikaangaliwe badala yake! Nitakwenda hospitali na barua ile, nijiite Kornelio. Wakikuta kitu, watakiondoa kwa mwenyewe. Wasipokuta, Kornelio atakuwa amepona na mimi nitakuwa shujaa. Balozi shujaa!

Nikaenda kumwambia. Nilisema ujirani ni kubebana, na kwamba tumbo lake na langu ni tumbo moja la taifa. Nikasema nipe barua, hilo bomba liniingie mimi.

Kornelio alilia. Mtu mzima, mikono imejaa vumbi la mbao, analia. Akasema hajawahi kuona binadamu wa namna hii. Akakataa. Akasema hawezi kumtuma mwenzake akafe kwa ajili yake. Kisha akawaita majirani, akawasimulia.

Majirani waliniangalia sana. Mzee mmoja alimuuliza Demetria kama nalala vizuri.

Jumapili, 20 Septemba

Dada yangu Kokushubila amekuja kutoka Kipawa na mkungu wa ndizi. Ana miaka hamsini na mbili. Ndiye aliyenilea baada ya mama, na bado huniambia ninawe kabla ya kula. Alikwenda kunawa, akarudi na kile kipande cha sabuni, akasifu harufu yake, akauliza mhuri ule ni wa nini.

Demetria akasema wanapewa waliotoa choo zahanati. Akasimama palepale na mwiko mkononi. Akaniuliza: "Baba Jovina, si ulisema Alhamisi ulikuta sabuni imekwisha? Hii uliileta Jumatatu."

Nikasema mambo ya kiwanda ni marefu.

Akasema hana haraka.

Nilieleza. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, na nikaeleza pia habari ya majani ya mpapai ili aone kwamba nilimfikiria yeye. Demetria aliuweka mwiko mezani. Alikaa chini. Dada ndiye aliyesema. Akasema baba alianza hivihivi, kukonda na kuchoka, akisema ni kazi za shamba. Alipokubali kwenda kwa mganga wa misheni hakuweza tena kumeza uji. Nilikuwa na miaka tisa. Sikujua. Niliambiwa amesafiri.

Nimeogopa. Naandika hapa kwa sababu daftari hili hakuna anayelisoma. Nimeogopa sana.

Baadaye. Demetria alinishika mkono kama mwizi, tukavuka uwanja mpaka kwa Kornelio. Akamwambia yote, mimi nimesimama nyuma yake. Kornelio alisikiliza. Akakaa juu ya jeneza. Akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaacha kucheka, akachukua nyundo, na mimi nikarudi hatua mbili. Akasema siku sita amekuwa akiiaga dunia kila asubuhi. Akasema amegawa viatu vyake! Akasema angeweza kunipeleka kwenye tawi la chama kesho, nikasomwa mbele ya watu wote, na asingekosea.

Nikasema kweli.

Akaitazama ile barua. Akasema nikiandikishwa upya kwa jina langu nitangoja mpaka Novemba. Nafasi ya Jumanne iko tayari, ina jina, ina muda. "Jina langu ulishalichukua bila ruhusa. Sasa nakupa kwa ruhusa. Nenda nalo, lakini ulirudishe."

Jumanne, 22 Septemba

Hospitali kuu. Kornelio alinisindikiza, akakaa nami kwenye benchi, akanikanyaga mguu kila walipoita "Kornelio" maana nilikuwa siitiki.

Mambo ya bomba sitayaandika. Dakta Marijani ni mtu mpole na mikono yake ni baridi. Yaliyotangulia bomba, yaani maji ya sabuni usiku kucha, nayo sitayaandika. Niseme tu kwamba sabuni nilikuwa nimeitafuta sana na sasa nimeipata ya kutosha.

Amekuta kinyama. Kimeota ndani ya utumbo, kikubwa kuliko harage. Akasema kingekaa hivyo mwaka au miwili kingenimaliza. Atakitoa kesho kwa waya wa moto, kisha kitapelekwa maabara.

Nilimuuliza Kornelio kama jeneza lingenitosha. Akasema hapana, mimi ni mrefu. Angelazimika kuongeza ubao. Akasema angeongeza.

Ijumaa, 25 Septemba

Kimetoka. Niko wodini. Kwenye kitanda pameandikwa KORNELIO.

Leo walikuja watu wa Masasi kumi na mmoja. Wamesikia ndugu yao amelazwa, na wengi wanamjua kwa jina tu. Walinikuta mimi. Kabla sijafungua mdomo walishapiga magoti, wakasali rozari nzima, wakaniachia korosho. Kornelio halisi alifika katikati ya sala, akapiga magoti nyuma yao, akajiombea.

Korosho tuligawana. Yeye alichukua nyingi zaidi. Sikubishana.

Jumapili, 4 Oktoba

Uchaguzi wa balozi. Nilifika kwa fimbo, nikitegemea huruma. Lakini habari ya kiberiti imeshafika kila nyumba, na mtoaji habari ninamfahamu, ananipikia. Watu walikaa kwenye benchi jipya la mvule, refu, lenye kifuniko. Kornelio anasema mbao nzuri hazitupwi.

Walioninyooshea mkono ni wawili. Mmoja wangu. Wa pili wa Kornelio. Demetria alimnyooshea Kornelio mikono yote miwili, wakamwambia ateremshe mmoja.

Nilimuuliza Kornelio kwa nini. Akasema ameniahidi kura, na ahadi ya mgonjwa haivunjwi.

Jumatano, 7 Oktoba

Majibu ya maabara! Kinyama kilikuwa kimeanza kuharibika nchani. Nchani tu. Shina lake ni safi, kimetoka chote. Dakta Marijani alisema maneno mawili niliyoyapenda kuliko mshahara: umewahi sana.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za hospitali, nikalia kwa furaha. Nimeandika hivyo bila aibu.

Baada ya miezi sita nirudi kuangaliwa, kisha kila mwaka, maisha yangu yote. Kadi tumeisahihisha. Nilikiri mbele ya daktari, akakata KORNELIO kwa mstari mmoja, akaandika GOZBERT juu yake. Jina limerudi kwa mwenyewe.

Jambo la pili. Kwa kuwa baba alikufa vile, na mimi nimekutwa hivi, Dakta Marijani anamtaka dada. Alisisitiza habari ya dada kuliko yangu. Amenipa barua nimpelekee: Kokushubila, Jumanne ya tarehe 13, moja kwa moja kwake, bila foleni, bila kiberiti. Kwa mtu wa damu yangu, alisema, kiberiti hakitoshi. Nikaitia barua mfukoni. Nikaapa njia nzima kwamba nimekoma. Hakuna tena ujanja. Kila mtu na jina lake.

Nikafika nyumbani nikiwa mtu mpya.

Jumatatu, 12 Oktoba

Sabuni imekuja!

Tangazo lilibandikwa Jumamosi: Sista Yustina anapima wake za wafanyakazi. Leo wa mafundi, Ijumaa wa makarani. Katoni moja. Na safari hii si nusu mche. Ni mche mzima.

Nilifikiri kwa utulivu, kama mtu aliyejifunza. Filomena yuko Masasi kwenye korosho mpaka Desemba. Nafasi yake imekaa bure. Dada anahitaji kupimwa. Hospitali kuu ni mbali, basi ni la kugombea, na lile bomba mimi nalijua. Zahanati ni hapa. Kwa nini mwanamke wa miaka hamsini na mbili ateswe, na kiberiti kipo? Kikiwa na damu, atakwenda. Kikiwa safi, tumemwepusha na mateso, tena tumepata sabuni. Sioni tundu kwenye mpango huu.

Dada nilimpitia Kipawa jana, nikamwambia daktari ameomba kiberiti tu. Hakuuliza mara mbili. Leo alfajiri kanitumia kikiwa kimefungwa vizuri kwa kitambaa. Amemwambia aliyekileta anifikishie shukrani, kwamba tangu mama afariki hakuna mwingine anayemkumbuka.

Nafasi ya tatu kwenye ukuta. Sista Yustina alikuwa na watu wengi, hakuinua macho. Nikasema nimeleta cha mke wa Kornelio. Alama ya vema. Mche mzima!

Ulikuwa na unyevu kidogo. Nikaufunga kwa karatasi iliyokuwa mfukoni, ile ya Dakta Marijani. Wino umechuruzika, lakini sabuni imekaa vizuri.

Mara hii hakuna kitakachoharibika. Jina nimeliandika kwa herufi kubwa, linasomeka hata kwa mbali: FILOMENA.